Maisha ya Bondia Robert Wangila

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: bondia, ulingo, mwamuzi, ubongo. Wanafunzi, yasomeni pamoja. Bondia. Ulingo. Mwamuzi. Ubongo. Vema.

Bondia ni mtu anayepigana ngumi kwa mchezo. Ulingo ni mahali pa kupigania, pamezungushiwa kamba pande zote nne. Mwamuzi ni yule anayesimama kati ya mabondia wawili ili sheria ifuatwe. Na ubongo kila mtu anao kichwani mwake. Habari zake tutazisikia baadaye.

Somo la leo limetokana na swali. Siku moja nilitembelea darasa, na baada ya masomo mama mmoja alibaki nyuma. Akaniambia, "Mwalimu, kijana wangu ana miaka kumi na saba. Amejiunga na klabu ya ngumi bila kuniambia. Nilikuta glavu chini ya kitanda chake. Yeye anasema atakuwa bingwa na atanijengea nyumba. Je, nimwache au nimkataze?"

Sikumjibu papo hapo, maana swali lile si dogo. Nilimwambia, "Mama, nipe muda. Nitakujibu redioni, kwa sababu wako wazazi wengine wenye swali kama lako." Basi mama, kama unanisikiliza, leo ndiyo siku ya jibu lako. Lakini kwanza nitasimulia maisha ya kijana mmoja aliyekuwa bingwa kwelikweli.

Jina lake ni Robert Wangila. Alizaliwa Nairobi, nchini Kenya, tarehe 3 Septemba 1967. Alipigana katika uzani wa welta. Wakati ule, katika ngumi za ridhaa, bondia wa uzani huo hakutakiwa kuzidi kilo 67. Basi hakuwa jitu. Alikuwa mtu wa kimo cha kawaida, lakini mkono wake ulikuwa mzito.

Kenya ilikuwa na sifa ya ngumi tangu zamani. Philip Waruinge alipata nishani ya shaba katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akapata na nishani ya fedha kule Munich mwaka 1972. Lakini nishani ya dhahabu ya ngumi hakuna Mkenya aliyekuwa ameipata. Vijana wa Nairobi walikua wakisikia habari hizo, na kila mmoja alitamani kuwa wa kwanza.

Mwaka 1987 Michezo ya Afrika ilifanyika Nairobi. Wangila alikuwa na miaka 19 tu. Mbele ya watu wa mji wake mwenyewe, alipata nishani ya dhahabu. Mwaka uliofuata, 1988, alikwenda Seoul, nchini Korea ya Kusini, kwa Michezo ya Olimpiki.

Sasa sikilizeni vizuri. Katika pambano la mwisho Wangila alikutana na Mfaransa, jina lake Laurent Boudouani. Mfaransa huyu hakuwa mtu wa kuchezewa. Miaka minane baadaye, mwaka 1996, alikuja kuwa bingwa wa dunia katika ngumi za kulipwa. Lakini siku ile kule Seoul, katika raundi ya pili, Wangila alimpiga akaanguka, na pambano likaisha.

Mwaka ule Kenya ilirudi na nishani tano za dhahabu. Nne zililetwa na wakimbiaji. Ya tano ililetwa na mpiga ngumi, Robert Wangila. Na hata baada ya michezo ya mwaka 2024, yake ndiyo nishani pekee ya dhahabu ya Olimpiki ambayo Kenya imeipata nje ya riadha. Mama, kijana wako haoti ndoto ya bure. Jambo hilo liliwezekana, na lilifanywa na kijana wa Nairobi mwenye miaka 21.

Sasa tuendelee. Katika ngumi za ridhaa za wakati ule bondia hakulipwa kwa kupigana. Alipata nishani na heshima, lakini nishani hainunui unga. Kwa hiyo mwaka 1989 Wangila aliingia katika ngumi za kulipwa, akaenda kufanya kazi hiyo Marekani.

Ngumi za kulipwa ni mchezo mwingine. Tufanye hesabu kidogo. Kule Seoul pambano lilikuwa la raundi tatu, na kila raundi dakika tatu. Tatu mara tatu ni ngapi? Ni tisa. Dakika tisa basi, na bondia alivaa kofia ya kukinga kichwa. Katika ngumi za kulipwa hakuna kofia, na pambano kubwa huweza kufika raundi kumi au kumi na mbili. Kumi na mbili mara tatu ni ngapi? Ni dakika thelathini na sita. Mwili ni ule ule, kichwa ni kile kile, lakini mapigo ni mengi zaidi.

Wangila alishinda mapambano zaidi ya 20, na mengi alishinda kwa kumwangusha mwenziwe. Lakini alishindwa pia mara kadhaa, na taji la dunia hakulipata. Hata hivyo aliendelea. Mwanamume aliyekwisha kusimama juu kule Seoul, si rahisi kwake kukubali kwamba ngazi imekwisha.

Tarehe 22 Julai 1994, katika mji wa Las Vegas, alipigana na Mmarekani aitwaye David Gonzales. Pambano lilifika raundi ya tisa. Hesabuni tena: raundi nane zilizokwisha, mara dakika tatu, ni dakika 24 za mapigo. Katika raundi ile ya tisa Wangila alikuwa akipigwa sana, lakini alikuwa bado amesimama. Mwamuzi akaingia kati, akasimamisha pambano.

Wangila hakufurahi. Alilalamika. Aliona kwamba nguvu anazo bado, na kwamba amenyimwa nafasi yake. Kisha akatoka ulingoni, akaenda katika chumba cha kubadilishia nguo. Huko akazimia. Akapelekwa hospitali, akapasuliwa kichwa ili kuondoa damu iliyokuwa ikibana ubongo. Lakini hakuamka tena. Alifariki tarehe 24 Julai 1994.

Wanafunzi, andikeni hesabu hii. Toa 1967 katika 1994. Mnapata 27. Lakini Wangila hakufika miaka 27. Kwa nini? Kwa sababu siku yake ya kuzaliwa ni tarehe 3 Septemba, na alikufa mwezi Julai. Zilibaki siku 41. Alikufa akiwa na miaka 26.

Sasa tuje kwa lile neno letu la nne, ubongo. Watu wengi huuliza: mtu aliyetoka ulingoni akisema na kulalamika, amekufaje?

Ubongo ni laini. Umelala ndani ya fuvu, yaani mfupa wa kichwa, na umezungukwa na maji kidogo. Fikirini kiini cha yai ndani ya ganda lake. Ukilitikisa yai kwa nguvu, ganda halivunjiki, lakini ndani mambo yameharibika. Vivyo hivyo kichwa kikipigwa na kugeuka ghafula, fuvu hutangulia na ubongo huchelewa. Kati ya ubongo na utando unaoufunika ipo mishipa midogo ya damu. Mishipa hiyo huvutwa, na pengine hukatika.

Hapo damu huanza kuvuja. Kwa nje huoni kitu. Lakini fuvu ni mfupa, halipanuki kama tumbo. Damu ikiongezeka, ubongo hubanwa. Kwa muda mtu huweza kutembea, kusema, hata kucheka. Halafu ghafula huanguka. Ndiyo maana mtu aliyepigwa kichwani si mwamuzi mzuri wa hali yake mwenyewe. Akisema "mimi mzima," hadanganyi. Kile anachopimia ndicho kilichoumia.

Nataka mlielewe jambo hili vizuri, kwa maana ndilo kiini cha somo la leo. Wangila hakuwa mjinga, wala hakuwa mkaidi. Ule moyo uliomfanya alalamike kule Las Vegas ndio moyo uliompa dhahabu kule Seoul. Bondia hufundishwa tangu utoto asikubali kushindwa na asisikie maumivu. Basi mtu wa namna hiyo hawezi kujiambia "basi." Lazima awepo mtu mwingine wa kumwambia, na lazima neno hilo lije mapema. Usiku ule mwamuzi alilisema, lakini madhara yalikuwa yamekwisha kuingia.

Watu wa ngumi wenyewe wamejifunza jambo hili kwa machozi. Mwaka 1982 bondia wa Korea ya Kusini, Duk Koo Kim, alikufa baada ya pambano lililofika raundi ya 14, huko huko Las Vegas. Kwa ajili ya kifo kile mapambano ya taji la dunia, yaliyokuwa ya raundi 15, yalianza kupunguzwa hadi raundi 12. Na kwa miaka mingi sheria za ngumi za ridhaa zimetaka bondia aliyeangushwa kwa pigo la kichwa apumzike siku 30 angalau kabla ya kupigana tena.

Na sisi tusiopanda ulingoni, somo hili latuhusu vipi? Latuhusu sana. Kichwa hakijui kama kimepigwa kwa ngumi au kwa lami. Mtu huanguka juu ya mwembe, huteleza kwenye pikipiki, hupigwa na tofali penye ujenzi. Huamka, hujipangusa vumbi, husema, "Si kitu." Jirani zake husema, "Mungu mkubwa," halafu humwacha alale peke yake. Tusifanye hivyo.

Mtu aliyepigwa kichwani asiachwe peke yake siku ile na usiku ule. Asipewe pombe. Asiendeshe chombo. Na apelekwe hospitali mara moja mkiona dalili hizi. Mwalimu, ziandike ubaoni:

Moja, kichwa kinauma na maumivu yanazidi.
Mbili, anatapika tena na tena.
Tatu, ana usingizi mzito, au haamki vizuri.
Nne, maneno yake yamechanganyika.
Tano, mkono au mguu umelegea.
Sita, mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya pili.
Saba, amepatwa na kifafa, au amezimia, hata kama ni kwa muda mfupi.

Moja tu katika hizo yatosha. Msingoje ya pili, wala msingoje asubuhi.

Sasa mama, nakujibu. Sikuambii umkataze mwanao, wala sikuambii umwache tu. Ukimkataza, huenda akaenda kwa siri, na glavu zitahama kutoka chini ya kitanda hadi nyumbani kwa rafiki. Nakuambia, nenda naye. Nenda klabuni kwa miguu yako, ukamwone yule anayewafundisha. Muulize maswali matatu. La kwanza: je, vijana hupimwa na daktari kabla ya kupigana? La pili: kijana akiangushwa, hupumzika siku ngapi? La tatu: je, wewe mwalimu umewahi kurusha taulo?

Kurusha taulo ni ishara ya mwalimu wa bondia kwamba kijana wake amekwisha kushindwa na pambano lisimame. Mwalimu akikujibu kwa majivuno kwamba vijana wake hawashindwi, na taulo hajawahi kurusha, mshike mwanao mkono mrudi nyumbani. Lakini akikuambia, "Ndiyo mama, nimerusha, na kijana alinikasirikia mwezi mzima," hapo umepata mtu. Huyo atamtunza mwanao siku ambayo mwanao hawezi kujitunza.

Na jioni mkikaa pamoja, msimulie habari za Robert Wangila. Msimulie zote mbili, habari za Seoul na habari za Las Vegas. Usimpe nusu. Wahenga walisema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Yeye mwenyewe ajue kwamba siku mwalimu wake au mwamuzi atakapomwambia "basi," neno hilo si tusi. Ni neno la mtu anayetaka arudi nyumbani.

Wanafunzi, andikeni majibu ya maswali haya kwa somo lijalo:

1. Wangila alipata nishani ya dhahabu ya Olimpiki mwaka gani, na katika mji gani?
2. Kwa nini mtu aliyeumia ubongo huweza kutembea na kusema kwa muda?
3. Taja dalili tatu za hatari kwa mtu aliyepigwa kichwani.
4. Je, katika kazi yako, ni nani anayekuambia "basi"? Unamsikiliza?

Swali la nne halina jibu moja. Lizungumzeni darasani, na kila mtu asikilizwe, vijana kwa wazee.