Bustani Isiyozimika Julai

Majira ya joto yakifika Uingereza, watu humiminika kwenye vitalu vya maua na kubeba chochote kilichochanua siku hiyo. Ndiyo maana bustani nyingi huwaka Juni, na ikifika Agosti ni majani matupu.

Maua ya kudumu, yale ambayo mashina yake hunyauka wakati wa baridi huku mizizi ikibaki hai ardhini, yana zamu. Mengi huchanua wiki chache tu. Basi uliza zamu kwanza, rangi baadaye: jeraniamu ya Juni, floksi ya Julai, heleniamu ya Agosti, kisha asta za Septemba.

Kwa rangi, mwalimu wangu ni Gertrude Jekyll, aliyesomea uchoraji kabla ya kuwa mtunza bustani. Kwake Munstead Wood, Surrey, alipanga tuta la maua la mita 60 hivi: rangi za ubaridi ncha zote mbili, buluu upande mmoja na zambarau upande wa pili, zikipanda kupitia manjano hadi nyekundu kali katikati. Alilieleza katika kitabu cha mwaka 1908, na bado anaigwa.

Mimi ningeongeza knifofia, ua lenye umbo la mwenge. Aina mojawapo asili yake ni milima yetu ya Afrika Mashariki. Linataka jua na udongo usiotuamisha maji.

Tena kuna ujanja wa mwishoni mwa Mei: kata theluthi ya juu ya baadhi ya mashina ya heleniamu. Yaliyokatwa huchelewa, mengine hutangulia, na hujanunua mche wa pili.