Kabla ya Kulala Kwenye Meza ya Upasuaji wa Urembo



Mwezi wa Oktoba 2024 mwanamke mmoja aliingia katika kliniki jijini Nairobi kufyonzwa mafuta mwilini. Siku chache baadaye hali yake ikawa mbaya, na kabla ya mwezi huo kwisha alikuwa amefariki. Jina lake halina haja ya kurudiwa hapa. Familia yake imesikia vya kutosha. Mapema mwezi uliofuata Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini, KMPDC, liliifunga kliniki hiyo. Kwa wiki kadhaa kila mtu alikuwa na maoni, wengi wakimlaumu marehemu kwa kutaka kupendeza. Wachache waliuliza maswali yenye faida: nani alishika kisu, ni wapi, na mgonjwa alipaswa kujua nini kabla ya kutia sahihi?

Maswali hayo yanahusu Chepkoilel pia. Eldoret imekuwa jiji tangu tarehe 15 Agosti 2024, na biashara ya urembo haikungoja hati ya jiji. Matangazo yanaingia kwenye simu ya msichana wa chuo hapa barabara ya Ziwa sawasawa na yanavyoingia kwenye simu ya msichana wa Kilimani. Wapo wanaoweka pesa kwenye chama kwa ajili hiyo, na wapo wanaotumiwa nauli na jamaa walio ng'ambo. Haya hayasemwi ili kumkataza mtu mzima. Yanasemwa ili anayekwenda aende akijua.

Tena kubadilisha mwili si mambo ya wazungu wala ya juzi. Wazee waliopo hapa wanakumbuka ndewe za masikio zilizotobolewa na kurefushwa hadi karibu na bega, na meno mawili ya chini yaliyong'olewa. Baadaye, shule, kanisa na kazi za serikali zilipobadilisha mawazo ya watu, wengi walikwenda kushonwa masikio yao. Huo ulikuwa upasuaji wa sura, na hakuna aliyewacheka. Hata Madaktari Wanaoruka, waliozaa shirika la Amref mwaka 1957, walianzishwa na madaktari watatu wa upasuaji wa plastiki: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. McIndoe alikuwa amejulikana Uingereza kwa kuwatengenezea nyuso marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia.

Hapo ndipo pa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Mtoto aliyemwagikiwa na maziwa ya moto na shingo ikavutwa na kovu, mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, mama aliyekatwa titi kwa sababu ya saratani, kijana aliyeumia uso katika ajali ya boda boda: hao wanahitaji upasuaji wa kurekebisha, nao ni matibabu. Mzazi wa mtoto wa namna hiyo asikae nyumbani akiona aibu. Aanzie kwenye kituo cha afya kilicho karibu au kwa promota wa afya ya jamii, aombe barua ya kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Kwa mdomo uliopasuka, shirika la Smile Train limekuwa likifadhili upasuaji bila malipo hapa Kenya kwa miaka mingi. Inasikitisha kumwona mtu mzima ambaye angeshonwa akiwa mchanga, ila hakuna aliyewaambia wazazi wake.

Upasuaji wa urembo ni kitu kingine. Mwili ni mzima, lakini mwenyewe anataka tumbo lipungue, matiti yapungue au yaongezeke, pua ibadilike, makalio yajae. Asitegemee SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, imlipie. Apange kutoa mfukoni mwake. Na kwa kuwa hakuna ugonjwa unaomharakisha, ana nafasi ambayo mgonjwa wa kidole tumbo hana: anaweza kungoja, kuuliza, kukataa na kurudi nyumbani. Ajabu ni kwamba wengi hawaitumii nafasi hiyo. Mtu atazunguka soko zima akitafuta ng'ombe wa maziwa, amkague meno na kiwele, aulize amezaa mara ngapi, kisha kwa mwili wake mwenyewe atume pesa kwa nambari aliyoiona TikTok.

Basi jambo la kwanza ni kujua anayekata. Kila daktari anayefanya kazi Kenya husajiliwa na KMPDC na leseni yake huhuishwa kila mwaka. Tovuti ya Baraza ina mahali pa kutafuta jina la daktari na jina la hospitali. Kuandikwa "daktari" hakutoshi. Anayetafutwa ni bingwa wa upasuaji wa plastiki, mtu ambaye baada ya shahada ya udaktari alirudi shule miaka mingine kusomea kazi hiyo. Cheti cha urembo, kozi ya wiki mbili Dubai, au koti jeupe lenye jina lililotariziwa havimpi mtu ruhusa ya kupasua. Hospitali nayo ina leseni yake, na kwa kawaida hutundikwa ukutani mahali pa mapokezi. Mgeni asione haya kusimama na kuisoma, pamoja na tarehe ya kwisha.

Akishaketi mbele ya daktari, maswali yasiyopendeza ndiyo yenye maana. Amefanya upasuaji huu mara ngapi? Nani atanipa nusu kaputi? Jibu la swali hilo liwe mtu mwingine aliyesomea kazi hiyo na atakayekaa kwenye chumba cha upasuaji mwanzo hadi mwisho akiangalia pumzi na mapigo ya moyo, si huyo huyo mwenye kisu. Damu ikitoka kupita kiasi, nitapelekwa wapi, na nani atapiga simu hiyo? Kliniki isiyo na chumba cha wagonjwa mahututi si lazima iwe mbaya, lakini iwe imekubaliana na hospitali iliyo nacho. Daktari anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kuyajibu.

Naye mgonjwa aseme ukweli. Kisukari, presha, pumu, selimundu, mimba, dawa za kupanga uzazi, aspirini, vidonge vya maumivu vya kila siku, na dawa za miti shamba za kuchemsha, zote zitajwe, kwa sababu baadhi yake huzuia damu kuganda na nyingine huigandisha mahali pasipotakiwa. Mvutaji sigara huambiwa aache angalau wiki 4 kabla, kwa kuwa nikotini hubana mishipa midogo na kidonda hukosa damu ya kukiponya. Krimu za kujichubua nazo zisifichwe. Zile zenye dawa aina ya steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba, na ngozi nyembamba hushona vibaya.

Kuna jambo moja ambalo video za kutoka Marekani na Uturuki hazilizungumzii vya kutosha, nalo ni kovu. Watu weusi hupata keloidi, yaani kovu linaloendelea kukua na kuvimba kupita mpaka wa kidonda, mara nyingi zaidi kuliko watu weupe. Aliyetoboa sikio akaota uvimbe, aliyechanjwa begani akabaki na kovu lililoinuka linalowasha, au ambaye mama au ndugu yake ana makovu ya hivyo, ameshapewa onyo na mwili wake. Anaweza kuingia na tumbo lenye mikunjo akatoka na tumbo bapa lenye mstari mnene kutoka nyonga hadi nyonga. Amwonyeshe daktari makovu yote ya zamani, na amwombe amwonyeshe picha za makovu ya wagonjwa wenye ngozi kama yake baada ya mwaka mmoja, si baada ya wiki mbili.

Kufyonza mafuta si dawa ya unene. Huondoa mafuta mahali fulani ili kubadilisha umbo, na anayeendelea kula na kuketi kama zamani atanenepa tena. Matiti ya silikoni hayadumu maisha yote. Huenda yakahitaji kuondolewa au kubadilishwa miaka ya mbele, na gharama hiyo ihesabiwe leo. Upasuaji wa kuhamishia mafuta kwenye makalio ndio wa kuogopwa zaidi. Mwaka 2018 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji wa plastiki vilitoa onyo la pamoja kwamba huenda unaua mtu 1 kati ya 3,000. Mafuta yakidungwa ndani sana yakaingia kwenye mshipa mkubwa wa damu, husafiri hadi kwenye mapafu na kuyaziba, na mtu hufa pale pale mezani. Ama wanaodunga silikoni ya maji au mafuta yasiyojulikana kwenye chumba cha hoteli, hao wakimbiwe.

Kalenda nayo ni dawa. Baada ya kukatwa tumbo au kufyonzwa mafuta mengi, kuinua mzigo mzito hukatazwa kwa takriban wiki 6. Kwa mkazi wa hapa hiyo ni kusema hakuna kubeba mtungi wa maji, hakuna gunia la mahindi, hakuna mtoto mgongoni, na ng'ombe wanakamuliwa na mtu mwingine. Anayepanga kwenda Machi mvua za kupanda zikikaribia, au Oktoba mahindi yakiwa yamekauka shambani, atarudi kazini kabla ya wakati na mishono ifumuke. Mwanafunzi naye aangalie ratiba ya mitihani.

Safari pia ihesabiwe. Kutoka Nairobi hadi Eldoret ni zaidi ya kilomita 300, na kukaa kwenye matatu saa hizo zote bila kunyoosha miguu, siku chache baada ya upasuaji, huongeza hatari ya damu kuganda mguuni. Bonge hilo likipanda mapafuni huua. Afadhali mgonjwa apange kukaa karibu na hospitali mpaka daktari amwachilie, akiwa na mtu wa kumwangalia usiku. Anayekwenda India au Uturuki ajiulize ni nani atakayemfungua kidonda akirudi kikianza kutoa usaha, kwa maana daktari aliyemkata hatapanda ndege.

Kuhusu pesa, bei ya kwenye tangazo mara nyingi ni ya mkono wa daktari tu. Ombeni hesabu iliyoandikwa: chumba cha upasuaji, mtaalamu wa nusu kaputi, kitanda, vipimo, dawa, vazi la kubana mwili, na ziara za kurudi kukaguliwa. Kisha liulizwe swali ambalo wengi hulisahau: nikipata matatizo, nani analipa? Siku chache katika chumba cha wagonjwa mahututi zinaweza kupita gharama ya upasuaji wenyewe, na hapo ndipo familia huanza kuuza shamba na kuitisha mchango. Malipo yaende kwa Paybill au Till yenye jina la hospitali, si kwa nambari ya mtu binafsi, na risiti itunzwe. Punguzo linalokwisha "leo usiku" ni mbinu ya kuuza viatu.

Fomu ya idhini isomwe nyumbani, si mlangoni mwa chumba cha upasuaji mtu akiwa amevaa gauni. Isipoeleweka, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Ndani ya karatasi hizo kunaweza kuwa na mstari unaoruhusu picha za mwili wake zitumike kwenye matangazo. Anaweza kuukata. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ya mtu ni habari nyeti, na kukubali kupasuliwa si kukubali kuonyeshwa.

Na mtu mmoja nyumbani aambiwe ukweli, hata kama ni dada tu. Wanaokwenda kwa siri hurudi kwa siri, na homa ikipanda usiku wanaogopa kumwamsha mtu. Homa, tumbo linalouma zaidi kila siku badala ya kupungua, kutapika, tumbo kuwa gumu, kukosa pumzi, maumivu ya kifua, mguu mmoja kuvimba, kidonda kutoa harufu: hizo si dalili za kungojea jibu la WhatsApp kutoka kliniki. Kifaa cha kufyonzea mafuta kinaweza kutoboa utumbo, na utumbo uliotobolewa hautulii kwa panadol. Mgonjwa apelekwe hospitali kubwa iliyo karibu saa hiyo hiyo, na aseme amefanyiwa nini. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, hata kama mfukoni hana kitu.

Aliyeumizwa kwa uzembe anaweza kupeleka malalamiko kwa KMPDC, na anaweza pia kwenda mahakamani. Kesi ya uzembe ina muda wake, kwa kawaida miaka 3, na mashauri mengi hudhoofika kwa sababu karatasi zimepotea. Kwa hiyo risiti, nakala ya fomu ya idhini, muhtasari wa kuruhusiwa kutoka hospitalini, majibu ya vipimo, jina kamili la daktari na picha za kidonda zenye tarehe, vyote viwekwe kwenye bahasha moja, na yule dada aonyeshwe ilipo.