Kitabu cha Bibi Salme Katika Darasa la Namswea

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni Jumapili iliyopita)



Mwaka 1886 kilitoka mjini Berlin kitabu cha mama mmoja mjane aliyekuwa akiishi Ujerumani na watoto wake watatu. Wajerumani walimjua kwa jina la Emily Ruete. Kwao Unguja aliitwa Sayyida Salme binti Said, na baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi, yaani mtu wa nchi ya milima ya Kaukazi, mbali huko upande wa Bahari Nyeusi. Salme alilelewa Kiislamu. Alipokuwa mtu mzima alipendana na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, akapata mimba, na mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Mwaka uliofuata alibatizwa huko na kufunga ndoa siku hiyo hiyo, wakaenda Ujerumani. Mwaka 1870 mumewe aligongwa mjini Hamburg na gari la abiria la kukokotwa na farasi, akafa.

Anasema mwanzoni mwa kitabu kwamba alianza kuandika kwa ajili ya watoto wake, kwa kuwa walijua kidogo tu juu ya asili yao: kwamba mama ni Mwarabu na ametoka Unguja. Hayo tu. Mjukuu wa Sultani anakwenda shule Ujerumani, ana sura inayoulizwa maswali, naye hana la kujibu.

Nakizungumza kitabu hiki leo kwa sababu mwalimu mmoja anayefundisha upande wa Namswea, wilayani Mbinga, ameniandikia akiuliza kama inafaa kukisoma na vijana wa sekondari. Anayo tafsiri ya Kiingereza, nakala moja tu, na nia yake ni kuwasomea sura kwa sura na kuwaeleza kwa Kiswahili. Wenzake wawili wamempinga, kila mmoja kwa lake. Wa kwanza anasema binti aliyeacha dini ya wazazi na kukimbia na mgeni si mtu wa kuwekwa mbele ya wanafunzi. Wa pili anasema hicho ni kitabu cha mwenye watumwa, na watoto wa Nyasa hawana haja nacho.

Huyo wa kwanza hatanichukulia muda mrefu. Atakayefungua kitabu hiki akitafuta mahaba atatoka mikono mitupu, maana habari ya kupendana na Ruete mwenyewe kaipita mbio mbio. Ama habari ya nyumba yenye dini mbili, hiyo mtoto wa Mbinga haihitaji kitabu. Milimani kuna Wakatoliki, Liuli na vijiji vya ziwani kuna Waanglikana, Songea na Tunduru kuna Waislamu wengi, na watu hawa wanauziana kahawa na samaki, wanasoma pamoja, wanaoana. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 imeweka ndoa ya serikali kwa yeyote, awe wa dini gani. Kuna watoto darasani wanaojua sikukuu za pande zote mbili, na wanaojua pia ni shangazi yupi hakuja harusini, na kwa nini. Hawa wakisoma kwamba Salme aliingia dini mpya bila kufundishwa vya kutosha, na kwamba ile ya kwanza iliendelea kumkaa moyoni miaka mingi, wataelewa kuliko mwalimu anavyodhani.

Huyo wa pili ndiye mwenye hoja nzito.

Tuitazame kwanza nyumba yenyewe. Seyyid Said alikuwa na masuria wengi, Wacherkesi, Wahabeshi na wengineo. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyezaa na bwana wake ni mtoto huru, anarithi sawa na nduguze wengine, na mama naye anakuwa huru bwana akifa. Kwa hiyo Jumba la Mtoni lilijaa watoto wa baba mmoja wenye kila rangi. Salme anaeleza kwamba mbele ya baba ilitakiwa Kiarabu peke yake, lakini akigeuza mgongo tu, nyumba nzima ilirudi katika lugha zake: Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi, Kiswahili. Msomaji atadhani hapo kwamba rangi haikuwa kitu. Ilikuwa kitu. Watoto wa Kihabeshi waliwaita nduguzo wa Kicherkesi paka, kwa sababu baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Mzaha huo ulikuwa na uchungu ndani yake, kwani hao paka ndio walioonekana kupendwa zaidi. Sisi tuliokulia mjini tukisikia neno chotara likitupwa uwanjani hatuna haja ya kufafanuliwa.

Na kuna mambo ya kufurahisha, mwalimu asiyaruke. Wasichana wa jumba walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme akachukua mfupa wa bega la ngamia, akauchora herufi alizoziona katika msahafu, mpaka akajua kuandika kwa siri. Elimu hiyo ikamponza. Mwaka 1859 ndugu yake Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid, waliomfuata Barghash walihitaji mtu wa kuandika barua, na huyo akawa Salme, msichana wa miaka kumi na mitano.

Sasa tuje kwa mama. Jilfidan alitoka wapi hata akafika Unguja? Bintiye anasimulia: alikuwa mtoto wa mkulima, vita vikaingia, wazazi wakauawa, watoto wakachukuliwa. Alitengwa na ndugu zake njiani, asiwaone tena. Alikuwa na umri wa miaka saba au minane alipoingia katika nyumba ya Seyyid Said. Hizo kurasa Salme ameziandika kwa huruma, na unamwona akimpenda mama yake.

Fungua sasa sura anayozungumzia utumwa. Ni mwandishi yule yule. Anasema watu wa Ulaya hawauelewi utumwa wa Mashariki, kwamba usifananishwe na ule wa Marekani, kwamba mtumwa Unguja alitunzwa. Anawalaumu Waingereza kwa kuwatoa utumwani watumwa wa Wahindi waliokuwa chini ya ulinzi wao. Anasema hao walioachwa huru waligeuka wazururaji. Mtu mweusi, kwa maoni yake, hapendi kazi. Haya aliyaandika mtoto wa mama aliyeporwa.

Je, hao watumwa walikuwa nani? Balozi mdogo wa Uingereza aliyesimamia kazi hiyo ya kuwakomboa alikuwa Rigby, aliyekuwa Unguja tangu 1858 mpaka 1861. Ndiye aliyemwambia Livingstone kwamba kutoka nchi ya Nyasa peke yake watumwa 19,000 hivi walipita kila mwaka katika forodha ya Unguja. Livingstone alikuwa amefika ziwani mwaka 1859, na aliandika kwamba hao waliofika pwani ni sehemu tu ya waliotolewa makwao, maana wengi walikufa vitani na njiani. Njia kuu ilishuka mpaka Kilwa, na kutoka Kilwa kwa jahazi. Katika miaka hiyo hiyo Salme alikuwa binti anayemiliki mashamba Unguja, na mashamba yalilimwa na watumwa.

Wazee wa Umatengo bado wanasimulia jinsi mashambulizi ya Wangoni yalivyowabana watu milimani, wakalima ngoro kwenye miteremko mikali. Chini ziwani misafara ilivuka na kupita. Mtoto wa Namswea anayesikia sura ile ya utumwa anasikia habari za watu wa mlangoni kwao, zikisemwa na mtu aliyehudumiwa nao.

Kwa sababu hiyo mimi nasema kisomwe, na kisomwe Mbinga kabla ya Dar es Salaam. Lakini kisikatwe. Najua tabia yetu walimu na watangazaji: tunachukua binti mfalme, bahari, mapenzi na machozi ya ugenini, na ile sura mbaya tunaiacha kabatini. Kikisomwa hivyo ni afadhali kisisomwe. Vile vile asije mtu akawasomea sura ya utumwa peke yake ili wanafunzi wamzomee, kisha akasema amefundisha historia. Na awe macho, kwa kuwa darasani mna watoto Waislamu: biashara ile ilikuwa na wanunuzi wa dini zaidi ya moja na wakamataji wa makabila mengi, wakiwemo wa kwetu.

Kuna wasiwasi kwamba vijana wakienda kuuliza nyumbani asili ya bibi au babu watafukua mambo. Watafukua kweli. Katika baadhi ya koo kuna mtu aliyeletwa na asiyesemwa, na katika nyingine kuna aliyechukuliwa asirudi. Mwalimu asiwalazimishe kusema darasani, watakaotaka watasema.

Watoto wa Salme nao waliuliza. Mwanawe wa kiume, Rudolph, alilichukua jina la babu yake akajiita Said-Ruete, na mwaka 1929 akachapisha London kitabu juu ya Seyyid Said. Mama alikuwa amekwisha kufa mwaka 1924, huko Jena. Unguja alirudi kuitazama mara mbili, mwaka 1885 na 1888, na Barghash, aliyekuwa Sultani safari ile ya kwanza, alikataa kumpokea.

Kwa zoezi la kuandika ninashauri moja tu. Wanafunzi wasome kurasa za kutekwa kwa Jilfidan na sura ya utumwa katika juma moja, zikiwa bado mbichi masikioni, kisha kila mmoja aandike ukurasa mmoja: Jilfidan angemwambia nini bintiye kama angesomewa sura ile? Jilfidan alikufa kwa kipindupindu mwaka 1859, miaka 27 kabla kitabu hakijatoka, kwa hiyo jibu halimo kitabuni na mwalimu hana pa kulinakili.