Kutembea kwa Miguu ni Ulinzi wa Moyo
Mada ya afya kwa mkutano wa wananchi wa kata



Katika mitaa mingi, anayetembea kwa miguu hudhaniwa kuwa amekosa nauli. Bodaboda humchukua mtu mlangoni na kumshusha sokoni, na mwendo wa nusu saa huisha kwa dakika chache. Muda huokolewa, lakini moyo hunyimwa kazi yake.

Moyo ni msuli, na msuli huimarika kwa kutumika. Kwa anayetembea kila siku, moyo huzoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mishipa hutanuka vyema, shinikizo la damu hupungua, na miguu hutumia sukari iliyomo katika damu. Shinikizo la juu la damu halibishi hodi. Wengi hulitambua siku mzazi anapopooza au kuanguka ghafla, ndipo ukoo huanza kumtafuta mchawi.

Mwaka 1953, Daktari Jerry Morris wa Uingereza na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kutwa, ilhali kondakta wa basi lilelile alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Ilionekana kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Daktari huyo alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99.

Ushahidi mwingine umo humu nchini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu Wahadzabe, wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, ulionyesha kuwa huushughulisha mwili kwa zaidi ya saa mbili kila siku, na wenye shinikizo la juu la damu walikuwa wachache katika kila rika.

Wapo wanaokata tamaa wakisikia kwamba ni lazima kufikisha hatua 10,000 kwa siku. Hesabu hiyo ilienezwa na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Utafiti wa mwaka 2019 kuhusu wanawake wazee wa Marekani ulibaini kuwa waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku walikufa kwa uchache kuliko waliotembea 2,700. Nafuu iliongezeka hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima walau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwendo unaofaa ni ule unaomwezesha mtu kuzungumza, lakini si kuimba. Asiyeweza nusu saa aanze na dakika kumi. Anayepanda bodaboda ashuke mapema, amalizie kwa miguu. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, atembee upande wa kulia, akiyatazama magari yanayomjia.

Anayebanwa kifua au kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida asimame na kuwahi kituo cha afya. Anayetumia dawa za shinikizo asiziache kwa sababu ameanza kutembea. Dawa na mwendo husaidiana.

Basi kila kaya ichague safari moja ya kila siku, ya sokoni, shambani au ibadani, iwe ya miguu. Na wazee wasiachwe nyuma: kijana amshike babu mkono, watoke pamoja asubuhi, kabla jua halijawa kali.