Haki Kazini Haipimwi Bila Kujua Tulikotoka

(Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wafanyakazi na wakazi. Yamefupishwa kidogo.)



Swali linaloulizwa sana katika mabaraza yetu ni hili: tutajuaje kwamba ajira na vyeo katika ofisi za umma vinagawanywa kwa haki? Mzazi anauliza kwa sababu mtoto wake ametuma maombi na hajajibiwa. Mfanyakazi anauliza kwa sababu mwenzake amepanda cheo na yeye amebaki. Wengi hujibu swali hili kwa hisia: anayepata husema kuna haki, na anayekosa husema hakuna. Lakini haki kazini ni jambo linaloweza kuchunguzwa, na wasomi wamelichunguza kwa zaidi ya miaka 60. Ningependa tuone wanavyofanya, kisha tuone linatuhusu vipi hapa kwetu.

Walianza na mgao. Mapema miaka ya 1960, John Stacey Adams, mwanasaikolojia aliyefanya kazi katika kampuni ya General Electric huko Marekani, alieleza kwamba mtu hautazami mshahara wake peke yake. Hupima anachotoa na anachopata, kisha hujilinganisha na mwenzake. Ndiyo maana mtu anaweza kuongezewa mshahara na bado akanung'unika: jirani yake wa meza ameongezewa zaidi kwa kazi ile ile.

Baadaye wakautazama utaratibu. Mwaka 1975, John Thibaut na Laurens Walker walionyesha kwamba watu huukubali uamuzi kwa urahisi zaidi, hata usipowapendeza, ikiwa walipewa nafasi ya kusema kabla haujatolewa. Mwaka 1980, Gerald Leventhal akaorodhesha mambo 6 ya kupima utaratibu wowote. Je, kanuni ni moja kwa wote? Anayeamua hana upendeleo? Anatumia habari sahihi? Kosa likitokea, linaweza kurekebishwa? Wanaohusika wamesikizwa? Na je, maadili yamefuatwa? Mambo haya 6 mnaweza kuyatumia kupima usaili wa kazi, ugawaji wa basari, hata uchaguzi wa kamati ya maji.

Kisha wakagundua kwamba kuna jambo la tatu: heshima na maelezo. Mwaka 1990, Jerald Greenberg alichapisha uchunguzi kuhusu viwanda vitatu vya kampuni moja huko Marekani. Kampuni ilikuwa imepoteza kandarasi, na katika viwanda viwili ilipunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa wiki 10. Katika kiwanda kimoja, wakubwa waliketi na wafanyakazi, wakawaonyesha hesabu, wakajibu maswali na kuomba radhi. Katika cha pili walitoa tangazo fupi wakaenda zao. Kiwanda cha tatu hakikuguswa. Wizi wa mali ya kampuni uliongezeka katika viwanda vyote viwili vilivyokatwa, lakini uliongezeka zaidi pale ambapo watu hawakuelezwa vizuri. Waliopoteza pesa walipoteza kiasi kile kile. Tofauti ilikuwa jinsi walivyotendewa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hojaji peke yake haiwezi kulionyesha, nalo ni historia. Mfanyakazi hajilinganishi na wa meza ya jirani tu. Hujilinganisha pia na jana. Uamuzi wa leo anaupima kwa kumbukumbu ya maamuzi ya zamani, hata yale aliyosimuliwa na waliomtangulia.

Mfano uko karibu nasi. Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, hazikuanza na meza tupu. Ziliwarithi wafanyakazi wa mabaraza ya miji, manispaa na wilaya, ambayo yalikuwa 175 kote nchini. Zikapokea pia watumishi kutoka wizara za serikali kuu, kama vile afya na kilimo. Kisha bodi mpya za utumishi wa umma zikaajiri wengine. Kwa hiyo chini ya paa moja wakaketi watu wa aina tatu, kila mmoja na barua yake ya ajira na masharti yake. Mtafiti akija leo na hojaji, ataambiwa kuna manung'uniko. Asipofungua faili za wakati ule, hataelewa manung'uniko hayo yalianzia wapi, na huenda akamlaumu mkubwa wa sasa kwa jambo alilolikuta.

Historia yenyewe ni ndefu kuliko ugatuzi. Katika utumishi wa serikali ya kikoloni kulikuwa na kanuni ya kumlipa asiye Mzungu sehemu tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu wa cheo kile kile. Tume ya Lidbury ilipendekeza mwaka 1954 kwamba ubaguzi huo wa mishahara uondolewe. Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Jiji la Nairobi mapema miaka ya 1950. Katika kitabu chake cha mwaka 1963 anaeleza kwamba wakaguzi Waafrika walilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mkaguzi Mzungu. Anasimulia pia kuhusu mama wa Kizungu aliyeingia maabara, akamkuta Mboya kazini, kisha akauliza kama kuna mtu yeyote humo.

Rekodi za mishahara zingemwonyesha mtafiti tofauti ya pesa. Lakini lile swali la yule mama halikuandikwa katika rekodi yoyote ya baraza. Tunalijua kwa sababu aliyetendewa alilisimulia. Ndiyo maana wanaochunguza haki katika mashirika hutumia njia mbili kwa pamoja. Husoma nyaraka: orodha za mishahara, barua za vyeo, kumbukumbu za mikutano, na faili zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa jijini Nairobi. Kisha huketi na watu, wakiwemo wastaafu, wafagiaji, madereva na wahudumu wa ofisi, wakawasikiliza. Faili nyingi huandikwa na wakubwa. Ukisoma faili tu, utasikia upande mmoja.

Na takwimu je? Tunazihitaji. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaitaka bodi izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa watu wasiotoka katika jamii kubwa ya kaunti hiyo. Hesabu hutuonyesha tumefika wapi. Historia hutuonyesha tulifikaje hapo, na ni mlango gani uliofungwa.

Lakini niseme wazi: historia isiwe kisingizio. Ofisi ya umma haiwezi kusema miaka nenda miaka rudi kwamba tumerithi matatizo. Ukijua dosari ilipoanzia, umepata pa kuanzia kuirekebisha. Na sisi tulio ofisini leo ndio tunaoandika faili zitakazosomwa kesho. Kumbukumbu za usaili zisipohifadhiwa na sababu za uamuzi zisipoandikwa, hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba haki ilitendeka, hata kama ilitendeka kweli.

Kwako mkaazi, kuna mambo matatu ya kukumbuka. Kwanza, nafasi za kazi za kaunti zinapaswa kutangazwa kwa njia inayowafikia watu wengi iwezekanavyo, hasa waliowahi kuachwa nyuma. Pili, Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kushughulikia ombi lako la habari. Tatu, mtumishi asiyeridhika na uamuzi wa bodi ya kaunti anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma.

Kwa wenzangu wa ofisini: mwombaji akikosa kazi, mwambieni, tena kwa heshima, na mweleze kwa nini. Barua fupi yenye sababu haimpi kazi, lakini humwonyesha kwamba alipimwa kama wengine. Asipoipata, atajaza pengo hilo kwa kumbukumbu alizo nazo, na wengi wetu tunazijua kumbukumbu hizo.

 Sasa ni zamu yenu kuuliza.