Mpango Kabla ya Msumeno

Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, West Indies, Eldoret



Nimeagizwa na Halmashauri nieleze habari ya picha ya mbao iliyokusudiwa kutundikwa katika chumba hiki, na ambayo hamkuikuta mlipoingia leo. Nitasema kweli yote, maana kosa ni langu.

Kazi hiyo haihitaji rangi ya kupaka. Kila sehemu ya picha hukatwa katika mti wenye rangi yake ya asili, kisha vipande huunganishwa ubavu kwa ubavu juu ya ubao mmoja. Huko Italia, katika karne ya 15, mafundi walipamba hivyo kuta za chumba cha kusomea cha mtawala wa Urbino. Ndugu zetu wa pwani nao wana kazi ya jamaa hiyo, yaani kutia njumu, kama ionekanavyo katika viti vya enzi vya Lamu vilivyopambwa kwa mifupa na pembe za ndovu.

Picha yetu ni ng'ombe amesimama mbele ya mahindi, na nyuma yake ukingo wa Elgeyo chini ya mbingu. Mbingu ni ya podo, mti wenye weupe wa manjano. Ng'ombe ni wa mwerezi mwekundu, ambao tulipewa na Mzee mmoja wetu: nguzo ya ua iliyosimamishwa na marehemu baba yake, wala mchwa hawakuila. Tulipata humo mbao mbili tu.

Mimi, kwa haraka ya kuiwahi siku hii, nilianza na ng'ombe kwa kuwa ndiye aliyependeza. Sikutazama ulalo wa nyuzi za mti. Nyuzi ziliikingama miguu badala ya kuifuata, na vijana walipoanza kuisugua, miguu miwili ilikatika. Sasa umebaki ubao mmoja.

Lakini kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Naomba mkutano ukubali utaratibu huu:

Kwanza, picha ichorwe kamili na kunakiliwa kwa karatasi ya kaboni. Kila kipande kipewe nambari, jina la mti wake, na mshale wa kuonyesha nyuzi zilalie wapi. Nakala moja isikatwe kamwe.

Pili, vigezo vyote vipangwe juu ya mbao kabla ya kukata hata kimoja. Vipande vyembamba, kama miguu na pembe, vichaguliwe mahali kwanza, nyuzi zikifuata urefu wao.

Tatu, ukataji uanze na kipande kinachogusana na vingine vingi, na jirani zake wapimwe kwacho. Msumeno usimame wima, kwani ukiinama kidogo tu mwanya hutokea, na gundi haifichi mwanya.

Nne, vipande vyote vilinganishwe vikiwa bado bapa. Ndipo kuchonga kuanze kwa kilicho mbali na jicho: mbingu, kisha ukingo, kisha mahindi, na ng'ombe awe wa mwisho. Kila kipande kikiisha, kimo chake kiandikwe kwa kalamu ya risasi ubavuni mwa jirani yake wa mbele, ili huyo asichongwe kupita alama. Anayeanza na ng'ombe hawezi kujua amwinue kiasi gani.

Tano, msasa ufuate nyuzi, vumbi lifutwe, na gundi iwe ya mwisho kabisa. Kilichogandishwa hakirudi mezani kurekebishwa.

Naomba pia Mzee aliyetoa nguzo awe ndiye wa kutia sahihi karatasi ya mpango, na kabla ya sahihi yake msumeno usiuguse mwerezi. Nilipompelekea habari ya miguu hakunigombeza. Aliuliza tu ubao wa pili uko wapi. Mzee, uko kabatini mwa ofisi, na ufunguo nimemkabidhi Mweka Hazina.