Mtaro wa Mvua na Jirani wa Chini

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya futari)



Sote hapa tumetawadha jioni hii. Hebu tujiulize, maji yale yametoka wapi? Wengi wetu hapa Mombasa, mfereji ukikauka twarudi kisimani. Na kisima hicho, ndugu zangu, kina uhusiano mkubwa na mtaro ulio mbele ya nyumba zetu. Hiyo ndiyo mada yangu usiku huu.

Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mwamba huu umejaa vitundu na nyufa, kwa hivyo maji machafu huteremka haraka mpaka visimani bila kuchujwa vizuri. Yanayobaki juu hukimbilia mitaroni, kisha baharini, Tudor au Kilindini, kule tunakovua na kuogelea. Njiani huzoa mafuta ya magari, kinyesi cha wanyama na kila tulichotupa. Mvua za kwanza baada ya kiangazi ndizo chafu zaidi, maana huosha uchafu wa miezi.

Lakini kuna jambo tunalolijua sote na hatulisemi. Mvua kubwa ikija usiku, kuna watu hufungulia choo kiingie mtaroni, mvua ichukue. Nasema kwa aibu, kwa sababu nyumbani kwetu tulifanya hivyo. Nilikuwa darasa la sita. Mimi nilishika tochi, babangu akafungua. Tukafurahi tumeokoa pesa za gari la kunyonya choo. Asubuhi jirani wa chini alikuwa akitoa uchafu uani kwake kwa ndoo, na wiki ile watoto wake wawili waliharisha. Kama ni sisi tuliowaambukiza, Mola ndiye ajuaye. Lakini kwa miaka mingi nilipopita mlango ule niliinamisha kichwa.

Mtume (S.A.W.) ametukataza kujisaidia njiani, kivulini na mahali pa kuteka maji. Basi anayefungulia choo mtaroni amefanya nini?

Tutazame wenzetu. Singapore ni kisiwa kama chetu, na mto wake ulikuwa ukinuka. Mwaka 1977 walianza kuusafisha, kazi ikachukua miaka 10. Mabanda ya nguruwe na bata yalihamishwa, wachuuzi wakapewa masoko yenye maji na mabomba. Leo maji ya vyoo yana mabomba yake na maji ya mvua yana mitaro yake. Mvua inayonyesha juu ya theluthi mbili ya nchi ile huelekezwa mabwawani, husafishwa, kisha hunywewa. Mtu akijua atakunywa maji ya mtaro wake, atatupa chupa humo? Miji mingine huacha nyasi, miti na vidimbwi ili maji yapunguze mbio, mchanga uzame na udongo uchuje. Kwetu mikoko hufanya kazi hiyo bure, nasi twaikata!

Mtu atasema hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya mitaro ya mvua mijini, na ni haki yetu kudai. Lakini Mombasa ilipofurika Novemba 2023, mtaro wa mtaani kwetu ulikuwa umejaa chupa za soda. Hakuna afisa wa kaunti aliyekuja kuzitia.

Kwa hivyo nina maombi matatu. Kwanza, vijana tuzibue mitaro kabla ya masika, na taka tuzibebe kabisa. Tukiziacha ukingoni zitarudi humo humo. Pili, nyumba zilizo jirani zichange kulipia gari la kunyonya choo. Tatu, mdomo wa kisima uinuliwe na ufunikwe, na maji ya kunywa yachemshwe hata yakionekana safi.

Nimalizie. Mwanzo wa Ramadhan hii nilikwenda kwa yule jirani kumuomba radhi. Alinisikiliza, akacheka, kisha akanyamaza. Akaniambia, "Mwanangu, hata mimi nilikuwa nikifungulia. Aliyepata ni wa chini yangu."

Ndugu zangu, kila mmoja wetu ana jirani wa chini. Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu na atusafishie mitaa yetu. Wabillahi tawfiq.